Maganda Kumi na Moja

Alliance, Nebraska
20 Mei 1986

Kwako mpwa wangu Corinne,

Huku tunakula na kulala. Mkazamjomba wako Vlasta anaumwa goti la kushoto, lakini la kulia limepona, kwa hiyo tunahesabu kwamba ana nafuu nusu. Mvua imenyesha mara mbili. Mama yako alipiga simu kutoka Omaha kuuliza kama ulifika Alaska, na Vlasta ndiye aliyepokea. Mimi na simu tulishaachana. Miaka thelathini na moja ya honi za treni, na hamsini ya bastola bila kuziba masikio, wewe mwenyewe unajua. Ndiyo maana nakusumbua kwa barua, na andika herufi kubwa, maana taa ya jikoni imekuwa dhaifu.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka nilikupa maboksi mawili ya risasi, na kwa haraka ya uwanja wa ndege sidhani kama ulinielewa. Boksi jekundu ni la kutembea nalo kiunoni, la kujikinga na dubu. Risasi zake nimezijaza baruti mwenyewe, kwenye maganda tupu ya shaba ya kiwanda cha Halbrook. Boksi la buluu ni maganda ya kiwanda cha Tri-Rivers, baruti nimeipunguza, ni la kulenga makopo. Najua utasema mjomba ameanza, shaba ni shaba. Kwa nje kweli yanafanana, yote yanaingia tundu moja. Lakini la Halbrook lina kuta nyembamba na nafasi tele ndani. La Tri-Rivers ni nene kama mkate wa mama yako. Baruti ya Halbrook ukiitia kwenye Tri-Rivers ni kupika supu ya watu kumi kwenye sufuria ya watu sita: kifuniko kitaruka, na kifuniko kiko mkononi mwako.

Kwa hiyo usichanganye. Piga sita nyekundu na sita za buluu, kisha niletee maganda yake kumi na mawili kwenye soksi, machafu vilevile, usiyaoshe. Nataka kulinganisha yamevumilia vipi. Maganda tupu posta hawayakatai.

Na huyo mwenzako wa kambini akikwambia mnunue za dukani, mwambie kwetu anayenunua risasi za dukani ni kama anayenunua mkate na unga umejaa kabatini.

Mjomba wako,
Orrin


Alliance
27 Mei 1986

Corinne,

Tu wazima. Jana ilikuwa siku ya kupamba makaburi, tukaenda kwa wazazi wa Vlasta na maua ya pioni kama kila mwaka. Makopo ya kahawa ya kutilia maua ameyafunga kwa karatasi ya fedha, yamependeza sana, kila mtu kamsifia. Goti lile lile.

Nina jambo dogo. Lile boksi jekundu liache kwanza. Tia za buluu kwenye bastola na utembee na hizo mpaka nitakapokuandikia tena. Mizani yangu ya baruti niliikuta na vumbi kwenye ukingo, nami ni mtu wa wasiwasi, unanijua. Hakuna la kuogopa. Lakini liache.

Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe kwa miguu ili iwahi gari la saa nne. Yule bibi wa dirishani ananiambia kwenu huko ndege ya barua huja kila baada ya wiki mbili, hali ya hewa ikiruhusu. Nimemwuliza hali ya hewa ikikataa je. Akanyanyua mabega.

Usisahau. Nyekundu, hapana.

Orrin


Kambi ya Mto Ayagan, Kisiwa cha Kodiak
1 Juni 1986

Kwako Mjomba, pamoja na Anti Vlasta na goti lake,

Barua yako ya tarehe ishirini imenikuta hapa nikiwa na matope mpaka magotini, nimeisoma nimesimama. Mimi sijambo, nina mafua na malengelenge mawili. Herufi nimezikuza, unaona? Lakini za kwako, Mjomba, mistari inapandiana. Kuna mahali umeandika juu ya ulichokwisha andika. Kalamu imekuwa mbovu, au ni hiyo taa?

Kambi ni vibanda viwili na uzio wa vyuma uliokatisha mto mzima. Samaki aina ya samoni wanapita kwenye lango moja, nami nakaa juu ya ubao nikiwabofya kwenye kihesabio, mmoja mmoja. Jana walipita elfu mbili mia tatu na saba. Mwenzangu ni Innokenty, mzee wa hapahapa kisiwani, tunamwita Kenty. Anatembea na bunduki yake ya marisau, na kwa siku anasema maneno tisa, nimehesabu pia.

Nimempa salamu zako za mkate na unga. Akauliza: "Mjomba wako amewahi kukutana na dubu?" Nikamwambia Nebraska hakuna. "Ndiyo maana ana nafasi ya kujivuna," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Dubu wapo. Wanavua ng'ambo ya mto jioni, jike mmoja ana mtoto wa mwaka jana. Hawatujali, nasi tunajitahidi tusiwajali. Nimepiga za buluu sita, nikaua makopo manne. Za nyekundu nimepiga nne. Zinarusha mkono mpaka begani, lakini zinalenga kweli, nimejua ni kazi yako. Ndizo ninazotembea nazo kiunoni. Zikitimia sita nitakuletea soksi yako. Barua za kutoka huku tunazipa mashua za wavuvi, hatungoji ndege.

Nakusalimu sana,
Corinne


Kambi ya Ayagan
13 Juni 1986

Kwako Mjomba,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika na ndege ya jana. Asante. Usijali, nyekundu nimeziacha.

Mwandiko mbaya nisamehe. Baridi, vidole vimekufa ganzi.

Maganda haya hapa. Ni kumi na moja. Moja la nyekundu lilitumbukia mtoni.

Samaki wanaongezeka. Mwambie Anti namkumbuka na maandazi yake, zile kolachi za plamu.

C.


Alliance
14 Juni 1986

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe mosi nimeipata leo asubuhi. Nimefurahi umefika, pole kwa malengelenge, paka mafuta ya kondoo. Tuko salama. Ruhubarbi, ile mboga chachu ya kutilia pai, imetuzidi, tunagawa kwa majirani mpaka wanajificha.

Unasema nyekundu ndizo unazotembea nazo. Barua yangu ya pili hukuwa umeipata bado, naona. Naomba Mungu uwe umeipata sasa. Tangu asubuhi nimehesabu siku kwenye kalenda ya benki pale ukutani. Ndege ya mwisho wa Mei ilikuletea barua ya kwanza. Inayofuata ni ya tarehe kumi na mbili kama hakuna ukungu. Katikati hapo ni siku kumi na nne ambazo umetembea na lile boksi, na mimi nimekaa hapa nakula pai.

Vlasta ameniuliza kwa nini sili. Nikamwambia ruhubarbi chachu. Akasema mwaka huu ametia sukari mara mbili.

Kuna simu ya redio huko, si ndiyo? Nilitaka Vlasta apige kwa idara yako ya samaki iwaambie wakwambie. Kisha nikafikiri atauliza sababu. Mama yako naye angejua kufikia jioni, na tayari anasema ile meza yangu ya karakana iuzwe nihamie Omaha kwenye nyumba yenye ngazi mbili tu. Kwa hiyo sikumwambia apige. Nakuandikia. Nimebandika stempu mbili za ziada kana kwamba zinaongeza mwendo.

Corinne, usipige hata moja nyekundu. Si kwa kopo, si kwa dubu, si kwa lolote. Ukikutana naye, mwache Kenty apige.

Jibu upesi.

Orrin


Alliance
28 Juni 1986

Kwako Corinne,

Salamu utapata mwisho, leo nina haraka.

Soksi yako imefika, na barua ya mistari saba. Vlasta ameishika akasema hii si Corinne, hii ni ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwambia ni baridi. Akaniambia Juni, Orrin. Nimeipapasa karatasi kwa nyuma. Wewe tangu utoto unaandika kwa wepesi, kalamu inapita tu. Huyu amekandamiza mpaka karatasi imetoboka mara mbili, na herufi zimelalia upande usio wao. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una nini?

Tuje kwenye maganda. Unapokaa juu ya huo ubao, samaki elfu mbili mia tatu na saba wanapita chini yako kwenye maji ya kasi, na yule wa saba hakupotei. Ganda la shaba la ukubwa wa kidole gumba limekupoteaje?

Nimeyaweka yote kwenye taulo, kama ulivyoyatenga. Ya buluu sita hayana neno, yamenyooka, fataki zake za kitakoni mviringo kama zilivyotoka kiwandani. Ya nyekundu ni matano. Matatu mazuri. Mawili, mwanangu, fataki zimelala bapa kabisa kwa msukumo uliozidi, kidole kinateleza juu yake kama juu ya kigae. Nikayaweka kwenye mizani, moja upande huu moja upande ule, na hayo mawili yanazidi uzito. Nikayajaza maji kwa bomba la sindano la ng'ombe, nikahesabu matone. Yale mawili yalifurika mapema, maji yakaniingia kwenye mkono wa shati. Nilipima mara tatu. Vlasta alikuja akauliza nimemwaga nini, sikumjibu, akadhani sikusikia.

Umepiga nne, ulisema. Maganda ya nyekundu yaliyofika ni matano, na la sita "limetumbukia". Ile ya tano na ile ya sita ulizipiga lini, na ulikuwa unapiga nini?

Sitaki mzaha. Sitaki habari za samaki. Nataka ganda la sita.

Mjomba wako


Kambi ya Ayagan
11 Julai 1986

Kwako Mjomba wangu,

Shikamoo kwa mkono wa kushoto. Ndiyo, ni wa kushoto. Mimi ni mzima, nakuapia, nakula na kulala, na Kenty ananipikia supu ya vichwa vya samaki ambayo anasema inaunga mifupa. Barua zako za tarehe kumi na nne na ishirini na nane zimekuja pamoja, ile ya kwanza iliikosa ndege iliyopita. Nimezisoma zote mbili mara mbili.

Tarehe tisa Juni, saa mbili asubuhi, nilikuwa nje ya uzio naondoa magogo yaliyokwama. Kenty alikuwa kibandani. Yule jike alitoka vichakani na mtoto wake nyuma, karibu kuliko uwanja wenu na barabara. Nilisimama, nikasema naye kwa upole kama tulivyofundishwa. Hakutaka maneno. Nikapiga moja kwenye changarawe mbele yake, akasimama. Akaanza tena, nikapiga ya pili. Hiyo ya pili ilinipiga mimi kiganjani kuliko ilivyomtisha yeye. Nikavuta ya tatu. Gurudumu la risasi halikuzunguka. Nikavuta kwa mikono miwili, Mjomba, nikavuta mpaka ukucha ukakatika, na bastola imekaa kimya na risasi nne ndani.

Niliyemsikia baadaye ni Kenty, anapiga sufuria kwa mwiko na kutukana kwa lugha yake, maneno mengi kuliko tisa. Hakufyatua, maana mimi nilikuwa katikati. Alikuja tu mbio na ile sufuria. Jike alimtazama, akamtazama mwanawe, akageuka. Nilirudi nyuma bila kuangalia nikaangukia mawe, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Kesho yake ndege ya dharura ilinipeleka mjini nikatiwa plasta, nikarudi na ndege ya barua tarehe kumi na mbili. Barua yako ya "liache" ilikuwa kwenye mfuko wa barua, chini ya miguu yangu, njia nzima.

Ganda la sita nimelitia humu. Kenty alilitoa kwa kuligonga kwa nyundo na ufito wa kusafishia bunduki. Kitako kimevimba kikabana na fremu ya bastola, ndiyo maana gurudumu lilikataa.

Sasa na mimi nikuulize. Unasema mizani ilikuwa na vumbi. Nimemwaga boksi lote jekundu juu ya kitanda nikaangalia vitako. Zilizobaki ni arobaini na nne, na kumi na tisa kati yake zimeandikwa Tri-Rivers, herufi zinaonekana kutoka mlangoni. Mtu aliyenifundisha kutenga maganda nikiwa na miaka kumi, aliyenifanya nirudie kopo zima kwa ajili ya ganda moja, hakuziona hizo kumi na tisa?

Nilijua tangu siku niliyorudi, nikiwa na plasta mbichi. Nikaficha, nikakudanganya kuhusu mto, kwa sababu nilijua ukisikia utaifunga karakana, na mama atakuja na lori. Na mimi nilikosea pia. Nilizitia kwenye bastola bila kutazama hata moja, kwa kuwa zimetoka kwako. Lakini nimechoka kuandika herufi kubwa na kuambiwa ni taa. Macho yako yana nini, Mjomba?

Corinne


Alliance
24 Julai 1986

Mwanangu Corinne,

Salamu zetu zote. Ganda nimelipokea. Nililishika nikaenda kukaa kwenye gari, ndani ya gereji, injini imezimwa. Vlasta alinikuta huko wakati wa chakula cha mchana.

Umeuliza, nakujibu. Macho yameharibika katikati. Daktari wa Scottsbluff alisema mwaka juzi kwamba hayarudi. Pembeni naona, naona nyumba, naona Vlasta akipita. Nikitazama kitu hasa, hapo hapo pana doa la moshi. Uso wako ulipokuja Mei niliuona kwa kutazama sikio lako. Barua zako nazisoma hivyohivyo, herufi mojamoja. Vitako vya maganda sivisomi tangu krismasi ya mwaka juzi. Nilikuwa nakwenda kwa makopo ya kahawa ninamoyaweka: kopo lenye mbonyeo ni Halbrook, lenye mkanda ni Tri-Rivers. Nilijiambia mtu mwenye mpango hahitaji macho.

Sasa lile la mizani. Ilikuwa uongo. Siku ya makaburi nilimwona Vlasta, kwa pembeni, anamimina kopo la maganda ndani ya kopo jingine. Nikashika mkono wake nikamwuliza anafanya nini. Alikuwa anatafuta kopo tupu la pioni za mama yake. Nikamwuliza, na mwaka jana? Akasema, na mwaka jana, hukuona jinsi yalivyopendeza? Mwaka jana alimimina Tri-Rivers ndani ya Halbrook, na majira ya baridi nikayajaza yote kwa baruti ya Halbrook, nikakupa wewe. Mimi nilidhani lile kopo la mkanda nimempa jirani. Yeye hajui kosa lolote. Kwake shaba ni shaba, na sikuwahi kumweleza, nilikuwa najivuna nayo mwenyewe. Ningekwambia ukweli, ningekuwa nimemsema yeye na kujisema mimi. Nikaona vumbi linatosha. Siku kumi na nne nilitafuta namna ya kukuokoa bila kuaibika, na ungekufa, Corinne. Ningebaki na aibu yangu nzima haijaguswa.

Jana nimemwambia yote. Macho, makopo, mkono wako. Alilia kidogo kwa ajili ya mkono. Kuhusu macho akasema: "Kwani nani anakukatia nyama miaka miwili hii?" Anajua tangu mwanzo, akasubiri niseme.

Leo tumekaa pamoja mezani kwangu. Maganda yote nyumbani tumeyamwaga kwenye shuka. Yeye anasoma vitako, lakini akinitamkia sisikii, na akiniandikia sioni, tukacheka mpaka goti likamwuma. Mwisho tumeelewana hivi: analiweka ganda mkononi mwangu na kunigonga mgongo wa mkono. Mara moja, Halbrook. Mara mbili, Tri-Rivers. Tumefanya mia sita. Kisha nikampima kwa maji mojamoja kwa bahati nasibu, maana mke namwamini, lakini dubu hajui habari za ndoa. Hakukosea hata moja.

Sasa lililo muhimu. Risasi zangu zote ulizonazo, nyekundu na buluu, mpe rubani akazikabidhi polisi mjini waziharibu. Msimu wako unaisha Septemba, na yule jike yupo. Nenda Kodiak na ndege ya kwanza, ingia dukani, nunua maboksi mawili ya kiwandani, mapya, yenye karatasi yake. Narudia ili usidhani Vlasta ameandika: nunua za dukani.

Mjomba wako, ambaye unga wake umeingia wadudu,
Orrin


Kambi ya Ayagan
24 Agosti 1986

Kwako Mjomba na Anti Vlasta,

Salamu ziwafikie mkiwa mmekaa pamoja. Plasta imekatwa nilipokwenda mjini. Naandika kwa kushoto kwa mazoea tu, Kenty anasema sasa mwandiko wangu unafanana na wake.

Nimenunua za dukani. Nilisimama mbele ya kabati la duka dakika kumi nikiona aibu kana kwamba unanitazama. Kenty alibeba mfuko na hakusema neno, na nilijua alikuwa na maneno. Juzi nikayafyatulia makopo, kwa kushoto. Zinafyatuka, gurudumu linazunguka, na zinalenga vibaya, Mjomba, nimekosa makopo matano kati ya sita. Lile la sita liliangushwa na upepo.

Za kwako nimempa rubani kama ulivyosema, zote. Nimekuokotea maganda ya hizi za dukani, na pia maganda ya zamani yaliyoachwa kambini na watu wa miaka iliyopita, ni mengi. Nimekaa nayo jioni tatu. Yamo humu kwenye soksi mbili, na sikuandika chochote juu yake, usitafute maandishi.

Soksi ya Halbrook nimeifunga fundo moja. Ya Tri-Rivers, mafundo mawili.

Nitakuja Oktoba. Msiikunje ile shuka.

Mpwa wako,
Corinne